Kuwazuru Wazee Pangani Wakati wa Maradhi

Mwaka 1869 waba, yaani kipindupindu, ulishuka pwani pamoja na misafara iliyotoka nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, na kutoka Pangani ukavuka bahari hadi Unguja, ambako uliangamiza watu kwa maelfu. Habari hizi ziliandikwa na tabibu James Christie, aliyemtumikia Sultani wa Unguja, katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1876. Na la kustaajabisha ni kwamba, ingawa Robert Koch alikuwa bado hajakithibitisha kijidudu cha maradhi hayo, Christie aliweza kuifuata njia ya waba kituo kwa kituo kwa kuuliza tu nani alitoka wapi, alifika lini, na alilala kwa nani. Maswali hayo matatu yangalitosha kumwongoza hata msafiri wa zama zetu.

Idi ya Mfunguo Tatu ya Julai 2021 iliwakuta watu wa Pangani, Bweni, Mwera na Kipumbwi katika hofu ya namna hiyohiyo, maana wimbi la tatu la korona, likichochewa na aina ya kirusi iitwayo Delta, lilikuwa limeenea Afrika Mashariki, na watoto na wajukuu watafutao riziki Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Chanjo ilikuwa haijaanza kutolewa nchini. Hesabu za wagonjwa wa Tanzania Bara zilikuwa zimekoma kutangazwa kwa utaratibu tangu mwisho wa Aprili 2020, hivyo msafiri hakuwa na pa kutazama ili ajue kama mtaa atokao una maradhi mengi kuliko mji aendao. Ilimlazimu ayategemee maarifa ya jumla na busara yake mwenyewe.

Maarifa hayo yalikuwapo. Tangu kirusi cha korona kiingie mwilini hata dalili zionekane, aghalabu hupita siku tano hivi, na mara nyingine hufika 14. Walakini mtu huweza kuwaambukiza wenziwe kiasi cha siku mbili kabla hajapata homa wala kikohozi, na wako wasioonyesha dalili yoyote tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo penye msiba wenyewe: mjukuu mwenye siha, aliyeoga akajitia manukato, aingiaye kwa bibi yake na shauku ya mwaka mzima, aweza kuwa ndiye aliyeubeba ugonjwa ambao kwake ni mafua ya siku chache, na kwa bibi huenda ukawa ni mauti, kwa kuwa hatari ya korona huzidi kadiri umri unavyozidi. Safari ya hadhari, basi, ilianza wiki mbili kabla ya tikiti kukatwa, kwa kuacha arusi, hitima na mikusanyiko mingine ya ndani, hata kama kuacha huko kuliwaudhi majirani.

Katika safari yote, jambo la basi ndilo ninaloliona zito kuliko mengine. Mtu asemapo au akohoapo, kinywani mwake hutoka matone makubwa yaangukayo chini karibu naye, pamoja na chembe laini mno zieleazo hewani kwa muda mrefu. Chembe hizo hubaki chumbani kama harufu ya udi katika nyumba iliyofungwa, haziondoki mpaka mlango na madirisha yafunguliwe. Mwezi Januari 2020, katika jimbo la Zhejiang, mashariki ya Uchina, waumini wa dini ya Buda walikwenda ibadani kwa mabasi mawili. Katika moja, lenye watu 68, alikuwamo mtu mmoja mwenye maradhi, na mashine ya hewa ilikuwa ikiizungusha hewa ileile ya ndani. Safari ya kwenda na kurudi ilichukua dakika 100 tu, na baadaye watu 24, yeye akiwa mmoja wao, walionekana kuwa na korona, wakiwamo waliokaa viti vya mbali naye. Katika basi la pili hakupatwa hata mmoja. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni safari ndefu kuliko dakika hizo 100. Kwa hiyo agizo la kubeba abiria kwa idadi ya viti, ambalo makondakta huliita level siti, lilikuwa jema, lakini halikutosha: basi kuukuu la madirisha ya kufunguka lilikuwa salama kuliko basi la fahari lenye vioo vilivyofungwa, na barakoa ilipaswa kubaki usoni hata baada ya Segera, ambapo abiria wengi huwa wamekwisha kuzoeana.

Avukaye kwenda Bweni kwa kivuko alikuwa katika hali njema zaidi, kwani Julai ni majira ya kusi, na upepo wake hupita juu ya mto Pangani bila kizuizi, almuradi abiria asijifungie garini.

Ama nyumbani, waliotujengea nyumba za pwani walituachia baraza, mahali ambapo mgeni hukaribishwa, huketishwa na huzungumzwa naye kwa saa nzima pasipo kuingia ndani, wala heshima yake haipungui. Hapo ndipo palipofaa kutoa shikamoo bila kubusu mkono. Sinia moja ni alama ya udugu, nami naijua simanzi ya mzee apakuliwapo sahani ya peke yake. Lakini hatari haikuwa katika wali, ilikuwa katika nyuso zilizoinamiana kuuzunguka. Mikono ilitakaswa kwa maji na sabuni, kwa sababu sabuni huuvunja utando wa mafuta uliokifunika kirusi.

Wako waliosema kwamba hadhari kama hiyo ni upungufu wa imani. Sayidna Umar bin Khattab, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi Madina na watu wake, na Abdurrahman bin Auf akamthibitishia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuiingia nchi yenye tauni na kuikimbia kwa aliyemo. Sioni hoja iliyobaki baada ya hiyo.

Tarehe 28 Julai 2021, kiasi cha wiki moja baada ya Idi hiyo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Dar es Salaam, na chanjo zikaanza kusambazwa mikoani. Korona ingalipo, na wazee wangalipo: ewe msomaji uendaye kwa mama yako nawe unakohoa, mpigie simu kwanza, uiahirishe safari.