Chombo Kidogo Chahifadhi Kikubwa

Msomaji mpenzi, umepata kuuona mtepe? Wazee wa visiwa vya Lamu waliuunda bila msumari hata mmoja: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa mkeka wa miyaa. Katika karne ya 20 mitepe ilitoweka baharini. Leo huonekana kwa mifano midogo ya mti, kama ile ya makumbusho ya Lamu.

Basi mwanao akichonga mtumbwi wa kuchezea, usimkaripie. Mwite babu yake ampe vipimo: kila pima ya mtumbwi wenyewe iwe shubiri moja ya mfano, umbo lisipotee. Mkubwa utaoza, mdogo utawafundisha wajukuu.