Bia ya mchanganyiko

Bia ya mchanganyiko ni kinywaji kinachopatikana kwa kuchanganya bia mbili au zaidi ambazo kila moja imechachuka peke yake. Kazi hiyo inaweza kufanyika kiwandani, kabla ya bia kutiwa chupani, au kwenye baa, ndani ya glasi ya mnywaji.

Bia ya mchanganyiko ni tofauti na shandi, ambayo ni bia iliyochanganywa na soda ya limau. Ni tofauti pia na mbege ya Wachagga wa Kilimanjaro, kwa sababu katika mbege vinavyochanganywa ni maji ya ndizi zilizopikwa na uji wa kimea cha ulezi, si bia mbili ambazo tayari zinaweza kunywewa.

Wako wanaoamini kwamba kuchanganya bia ni kuiharibu, au ni njia ya kuficha bia mbovu. Ni kweli kwamba njia hii imewahi kutumika hivyo. Hata hivyo, baadhi ya bia zinazothaminiwa sana duniani zisingekuwepo bila mtu wa kuonja, kupima na kuchanganya.

Sababu za kuchanganya

Sababu ya kwanza ni ladha. Bia iliyokaa muda mrefu kwenye pipa la mbao huwa chachu na kavu, na bia changa huwa tamu lakini nyepesi kwa ladha. Zikiwekwa pamoja, kila moja hupunguza kasoro ya mwenzake.

Sababu ya pili ni usawa. Bia hutokana na nafaka na viumbe hai, kwa hiyo mapishi mawili hayafanani kabisa hata yakifuata kanuni ileile. Viwanda vingi huchanganya bia ya matangi mbalimbali ili mnunuzi apate ladha ileile kila anapofungua chupa.

Sababu ya tatu ni bei. Mwenye baa anaweza kuchanganya bia kali ya bei ya juu na bia hafifu ya bei ya chini, akapata kinywaji ambacho wateja wake wanakimudu.

Uingereza

Nchini Uingereza ushuru wa bia ulianzishwa mwaka 1643. Ushuru huo uliitenga bia kali na bia hafifu, na kila kundi lilikuwa na kiwango chake. Bia kali kupita kiasi ililipiwa sawa na bia kali ya kawaida, kwa hiyo kulikuwa na faida kununua bia kali sana na kuizimua kwa bia hafifu. Baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba kinywaji kilichoitwa Three Threads mjini London kilitokana na hila hiyo.

Masimulizi mengine, yaliyoenea tangu mwanzo wa karne ya 19, yanasema kwamba mwaka 1722 mpishi wa bia Ralph Harwood wa London alitengeneza bia moja yenye ladha ya mchanganyiko huo ili kuwaondolea wauzaji usumbufu wa kumimina kutoka mapipa matatu. Inasemekana kwamba bia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa porta. Wanahistoria wa leo wanayatilia shaka masimulizi hayo, kwani yaliandikwa miaka mingi baada ya wakati unaotajwa. Lililo wazi ni kwamba porta yenyewe iliendelea kuchanganywa: wauzaji walimimina porta iliyokomaa pamoja na porta changa, na kiasi cha kila moja kilitegemea ladha aliyoipenda mteja.

Desturi hiyo haikuisha. Katika karne ya 20 Waingereza wengi waliagiza glasi iliyojazwa nusu kwa bia ya pipa, kisha wakaongeza wenyewe bia ya chupa. Bia ya pipa katika baa nyingi haikuaminika, na ile ya chupa ilikuwa na gesi na ladha safi ya kuiamsha.

Ubelgiji

Sanaa ya kuchanganya bia imefika mbali zaidi nchini Ubelgiji, hasa katika mji wa Brussels na eneo la Pajottenland lililo magharibi yake. Hapo hutengenezwa lambiki, bia ya shayiri na ngano ambayo haitiwi hamira na mtu. Maji ya kimea yaliyochemshwa huachwa yapoe usiku kucha katika chombo kipana kisicho na mfuniko, na hamira na bakteria kutoka hewani huingia yenyewe. Kwa sababu joto huongeza vijidudu visivyotakiwa, kazi hii hufanyika katika miezi ya baridi tu. Baadaye bia huwekwa katika mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja hadi mitatu au zaidi.

Kila pipa hufuata njia yake. Moja hutoa bia yenye harufu ya matunda, jingine hutoa bia kali kama siki. Mchanganyaji huonja pipa kwa pipa, kisha huunganisha lambiki ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu. Lambiki kongwe huleta ladha nzito, na lambiki changa huleta sukari iliyobaki. Sukari hiyo huchachuka upya ndani ya chupa na kutoa gesi. Matokeo yake huitwa geuze, bia yenye povu jingi inayofungwa kwa kizibo kama shampeni.

Si lazima mchanganyaji awe na kiwanda cha kupika bia. Wapo wanaonunua maji ya kimea au lambiki kutoka kwa wapishi, wakaikomaza katika mapipa yao na kuichanganya. Kiwanda cha Cantillon cha Brussels, kilichoanzishwa mwaka 1900, kilianza kwa kazi hiyo kabla ya kupika bia yake chenyewe.

Ni kazi yenye hatari, kwa sababu mtaji wa miaka mingi umelala ghalani. Mwaka 2009 kifaa cha kudhibiti joto kiliharibika katika ghala la 3 Fonteinen huko Beersel. Joto lilipanda na makumi ya maelfu ya chupa za geuze zikaharibika. Mwenye kiwanda, Armand Debelder, aliikeneka bia iliyoharibika ikawa pombe kali, akaiuza ili kuokoa biashara yake.

Tangu mwaka 1997 jina "Oude Geuze" linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, ili bia iliyotiwa sukari na kutengenezwa kwa haraka isiuzwe kwa jina hilo.

Katika mji wa Roeselare, kiwanda cha Rodenbach huchanganya bia nyekundu changa na bia iliyokaa takriban miaka miwili katika mapipa makubwa ya mwaloni. Bia yake ya kawaida ina takriban robo moja ya bia kongwe, na ile iitwayo Grand Cru ina takriban theluthi mbili.

Black and Tan

Mchanganyiko wa baa unaojulikana zaidi ni Black and Tan, yaani stauti nyeusi juu ya eli ya rangi ya dhahabu. Eli humiminwa kwanza hadi nusu ya glasi, kisha stauti humiminwa polepole juu ya mgongo wa kijiko. Stauti kama Guinness, ingawa inaonekana nzito, ina densiti ndogo kidogo kuliko eli nyingi, kwa hiyo huelea na kufanya tabaka mbili.

Nchini Ireland si busara kuagiza kinywaji hiki kwa jina hilo. Black and Tans lilikuwa jina la askari walioajiriwa na Waingereza katika polisi ya Ireland mwaka 1920, waliovaa sare zilizochanganya rangi za polisi na za jeshi. Wanakumbukwa kwa ukatili dhidi ya raia, kama vile kuchoma nyumba katika mji wa Balbriggan mwezi Septemba 1920. Waayalandi hukiita kinywaji hicho "nusu kwa nusu".

Kiasi cha alkoholi

Kuchanganya bia hakuzalishi alkoholi mpya ndani ya glasi. Nguvu ya mchanganyiko hutegemea kiasi na nguvu ya kila bia. Mililita 300 za bia ya asilimia 8 zina mililita 24 za alkoholi, na mililita 200 za bia ya asilimia 4 zina mililita 8. Zikichanganywa, glasi ya mililita 500 ina mililita 32 za alkoholi, yaani asilimia 6.4. Glasi ya ukubwa huohuo ya laga ya asilimia 5 ina mililita 25. Ladha laini ya mchanganyiko inaweza kuficha tofauti hiyo, hivyo mnywaji anatakiwa kujua nguvu ya kila bia iliyomo kabla ya kuhesabu glasi.