Magari mapya ya umeme yanaharibika wapi

Gari la umeme lina vipuri vichache vinavyosuguana kuliko gari la petroli. Halina plagi za kuwashia injini, klachi, bomba la moshi wala oili ya kubadilishwa kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Kwa sababu hiyo lilitarajiwa kusumbua kidogo, lakini takwimu za Marekani zinasema vingine. Mwaka 2023 Consumer Reports, taasisi ya kutetea walaji, iliona kwamba wenye magari ya umeme waliripoti matatizo kwa asilimia 79 zaidi ya wenye magari ya petroli. Mwaka 2024 pengo hilo lilikuwa asilimia 42. Kampuni ya utafiti ya J.D. Power, inayowauliza wanunuzi kuhusu miezi mitatu ya kwanza ya kutumia gari, ilihesabu mwaka huo matatizo 266 kwa kila magari 100 ya umeme, dhidi ya 180 kwa magari ya petroli na dizeli.

Katika uchunguzi ule wa 2023, magari yaliyosumbua kidogo kuliko yote yalikuwa ya haibridi, kwa asilimia 26 chini ya yale ya petroli. Haibridi nayo ina mota ya umeme na betri ya volti nyingi, na juu yake imebeba injini nzima. Kama umeme ndio ungekuwa chanzo cha hitilafu, gari hilo lingekuwa bovu kuliko mengine. Tofauti iko kwenye umri wa teknolojia: Toyota ilianza kuuza Prius mwaka 1997 na imekuwa ikiirekebisha tangu hapo, ilhali magari mengi ya umeme ni matoleo ya kwanza, yaliyoundwa upya tangu chasisi hadi programu, na mara nyingi na kampuni zilizokuwa zikikimbizana sokoni.

Programu ndiyo inayolalamikiwa mara nyingi. Volkswagen ilipoanza kukabidhi gari lake la umeme ID.3 mwaka 2020, wateja wa kwanza walipokea magari ambayo baadhi ya huduma zake zilikuwa bado hazijakamilika. Desemba 2023 General Motors ilisimamisha mauzo ya Chevrolet Blazer ya umeme kwa sababu ya hitilafu za programu, na haikuyarudisha sokoni hadi Machi 2024. Tesla iliwahi kukumbwa na jambo dogo lenye madhara makubwa. Katika Model S na Model X za zamani, kumbukumbu ya kompyuta yenye gigabaiti 8 ilichakaa kwa kuandikwa data mfululizo. Ilipochakaa kabisa, skrini ilizima, na pamoja nayo zikapotea kamera ya nyuma na vidhibiti vya kuondoa ukungu kwenye kioo. Februari 2021 kampuni iliyaita magari takriban 135,000 yarudi kwa matengenezo. Mota zake zilikuwa nzima, na betri pia.

Sehemu nyingine dhaifu ni ile ambayo wanunuzi wengi hawaijui: betri ndogo ya volti 12. Gari la umeme bado linaitegemea kuwasha kompyuta, kufungua milango na kuunganisha betri kubwa na mota. Hakuna altaneta ya kuijaza. Kazi hiyo hufanywa na kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa. Kifaa hicho kikifa, gari hupoteza nguvu barabarani hata kama betri kubwa imejaa. Ndivyo ilivyotokea kwa magari ya Hyundai, Kia na Genesis yanayotumia mfumo mmoja wa kuchaji. Machi 2024 Hyundai iliyaita magari 98,878 nchini Marekani, yakiwemo Ioniq 5 na Ioniq 6. Novemba mwaka huohuo wito ukapanuliwa hadi magari 145,235, ishara kwamba marekebisho ya kwanza hayakutosha.

Betri kubwa huharibika kwa nadra, ila ikiharibika gharama yake hutisha. Katika Chevrolet Bolt, kasoro mbili za kiwandani zilipokutana ndani ya seli moja, yaani kipande kilichochanika na utando wa kutenganisha uliokunjika, seli iliweza kushika moto. Wito wa kwanza ulitolewa Novemba 2020; Agosti 2021 ukafikia Bolt zote zilizotengenezwa, takriban 142,000. Wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba, na wasichaji kupita asilimia 90. LG, iliyotengeneza seli hizo, ilikubali kuilipa General Motors hadi dola bilioni 1.9.

Ujerumani inaonyesha sura nyingine. Chama cha wenye magari cha ADAC, kinachokwenda kuwasaidia waliokwama njiani, kilihesabu mwaka 2024 magari ya umeme yaliyosajiliwa kati ya 2020 na 2022 yakikwama mara 4.2 kwa kila magari 1,000, dhidi ya mara 10.4 kwa ya injini. Sababu kuu kwa pande zote mbili ilikuwa betri ya volti 12. Hesabu hizi hazipingani na za Marekani. Huko kila kero huandikwa, hata mlango usiofunga vizuri au simu isiyounganika. ADAC huandika gari lililokwama tu. Kwa msafiri, hesabu ya ADAC ndiyo yenye uzito zaidi. Ukaguzi wa usalama wa magari unaofanywa na mashirika ya TÜV nao ulifichua udhaifu wa aina nyingine: katika ripoti ya 2025 Tesla Model 3 ilikuwa ya mwisho, asilimia 14.2 ya magari ya miaka miwili hadi mitatu yakiwa na kasoro kubwa, hasa kwenye mikono ya magurudumu, taa na diski za breki. Diski hushika kutu kwa kuwa mota yenyewe ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi.

Joto ni suala linaloigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Nissan Leaf, iliyoingia sokoni Desemba 2010, haikuwa na mfumo wa maji wa kupoza betri katika matoleo yake ya awali. Huko Arizona, kufikia 2012, wenye magari hayo walikuwa wakilalamika kwamba uwezo wa betri unashuka upesi mno, na Nissan ikalazimika kuweka dhamana ya uwezo wa betri. Leaf zilizotumika Japani ni miongoni mwa magari ya umeme yanayoonekana Kenya, na joto la Mombasa si la Tokyo.

Dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka minane au kilomita 160,000. Kenya huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika kwa muda usiozidi miaka minane. Gari linaloshuka bandarini likikaribia ukomo huo, dhamana yake imeshakwisha au inakwisha, na hata ikibaki haina thamani kubwa pasipo wakala wa kuiheshimu. Wito wa matengenezo uliotolewa Japani nao humfikia mmiliki aliyesajiliwa huko, si mnunuzi wa Nairobi. Kwa hiyo kipimo cha uwezo uliobaki wa betri, kinachosomwa kwa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya fundi, kinafaa kudaiwa kabla ya fedha kulipwa, pamoja na rekodi ya matengenezo yaliyofanywa chini ya wito wowote.