Kumweleza Msomaji Asiyeuliza: Uandishi wa Maelezo ya Zana za Mawakala wa Akili Bandia, kwa Mifano ya Morogoro na Uluguru

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili aina ya matini ambayo kwa kawaida huachiwa wahandisi wa kompyuta, yaani maelezo mafupi yanayoijulisha programu ya akili bandia ni zana ipi itumie, wakati gani na kwa namna gani. Hoja yetu ni kwamba kuandika maelezo hayo ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya ufundi. Mwandishi wake hukosea hasa anapoacha kusema yale ambayo wazungumzaji wa Kiswahili huyajua bila kuambiwa.

Neno wakala tunalitumia kwa maana iliyo karibu na ile iliyozoeleka, yaani anayetenda kwa niaba ya mwingine. Wakala wa akili bandia ni programu inayopokea ombi kwa lugha ya kawaida, ikaamua hatua za kuchukua, kisha ikaziita programu nyingine ziifanyie kazi. Hizo zinazoitwa ndizo zana.

2.0 Jinsi Zana Inavyosomwa

Mnamo Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwawezesha waundaji wa programu kuziorodheshea modeli zake zana za kuita. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya wazi ya kuunganisha modeli na zana. Katika taratibu zote mbili modeli hupewa jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo vinavyopaswa kujazwa. Msimbo wa ndani haioneshwi. Kwa hiyo, kwa upande wa modeli, zana ni yale maneno yaliyoandikwa kuihusu.

Hali hii inatofautisha matini haya na mazungumzo. Msikilizaji asiyeelewa huuliza, hukunja uso au husubiri afafanuliwe. Modeli nayo yaweza kuuliza, lakini mara nyingi, inapokuta utata, hujaza pengo kwa maana iliyoizoea katika matini mengi iliyofunzwa, na mengi kati ya hayo si ya Kiswahili.

3.0 Mahali, Wakati na Kipimo

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhandisi ameunda zana ya kuwasaidia wakulima na kuieleza hivi: “Hutoa taarifa za mvua za Morogoro.” Sentensi hii ni sanifu, na mkazi wa mji angeielewa. Hata hivyo, ina utata wa aina kadhaa.

Kwanza ni mahali. Morogoro ni jina la mkoa, la wilaya, la manispaa na la mto. Mkulima wa Mgeta, katika Wilaya ya Mvomero, yumo mkoani Morogoro lakini hayumo mjini. Aidha, katika Milima ya Uluguru umbali mfupi huleta tofauti kubwa: miteremko ya mashariki, inayoelekea Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi kuliko ile ya magharibi. Wakala akileta kipimo cha mjini kuwa jibu la Mgeta, atakuwa amesema kweli kuhusu mahali pasipoulizwa.

Pili ni wakati. Kwa Kiswahili saa 2 asubuhi ni saa 08:00 kwa hesabu ya kimataifa. Kigezo kilichoitwa “saa” bila ufafanuzi chaweza kujazwa 02:00, na kosa hilo la saa sita lisionekane, kwa kuwa tarakimu zenyewe ni halali.

Tatu ni kipimo. Zana ya bei ikisema “bei kwa gunia”, ni gunia lipi? Wakulima na wachuuzi wanaifahamu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi hadi likaota kichwa, ambalo Wakala wa Vipimo hulipiga vita. Mkulima anayelinganisha bei ya kilo 100 na bei ya lumbesa hupunjwa, hata kama kila tarakimu aliyopewa ni sahihi.

4.0 Maana ya Kimya

Utata mwingine umo katika majibu ya zana. Ikiwa kipimo hakikusomwa siku fulani na zana ikarudisha sifuri, wakala atamwambia mkulima kwamba mvua haikunyesha. Kutokuwapo kwa taarifa kumegeuzwa kuwa taarifa. Yafaa maelezo yapambanue mambo hayo mawili, na zana yenyewe itoe majibu tofauti.

Hali kadhalika, maelezo hayana budi kutaja mipaka. Zana mbili zinapokaribiana, kama ya mvua iliyopimwa na ya mvua inayotabiriwa, kila moja itaje kazi isiyokuwa yake.

5.0 Maelezo Yaliyorekebishwa

Kwa kuzingatia hayo, maelezo ya awali yanaweza kuandikwa hivi:

“Hutoa jumla ya mvua, kwa milimita, iliyopimwa katika kituo kimoja kwa siku moja. Taja kituo kwa tarafa na wilaya, kwa mfano ‘Mgeta, Mvomero’. Usitumie ‘Morogoro’ peke yake. Andika tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kwa mfano 2025-03-14. Siku huanza 09:00, yaani saa 3 asubuhi. Jibu ‘0’ maana yake kipimo kilisomwa na mvua haikunyesha; ‘hakuna takwimu’ maana yake kipimo hakikusomwa. Zana hii haitabiri mvua.”

Maelezo haya ni marefu kuliko ya kwanza, lakini urefu si sifa. Sentensi isiyozuia kosa lolote ifutwe, kwani maelezo ya zana zote husomwa pamoja, na maneno ya ziada huzifanya zifanane. Kipimo cha ubora ni majaribio: wakala aulizwe maswali kama wakulima wanavyouliza, ichunguzwe zana aliyoichagua na vigezo alivyojaza, kisha yarekebishwe maneno yaliyompoteza.

6.0 Hitimisho

Wanaleksikografia wamezoea kuandika fasili kwa ajili ya msomaji wasiyemwona, kutenga maana zinazokaribiana na kuchagua mfano unaofafanua. Ujuzi huo ndio unaohitajika hapa. Wataalamu wa Kiswahili wasiposhiriki katika kazi hii, maana za saa, gunia na Morogoro zitaamuliwa kwa kubahatisha, na atakayelipa gharama ni mkulima aliyepanda mbegu kwa kuliamini jibu alilopewa.