Goma: Kabla ya kupanda na kikapu, chunguza udongo

Mjini Goma, wakaaji wengi wanajenga juu ya mawe ya volkano Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Kwa macho, mawe hayo ni magumu. Lakini kwa mashine inayopandisha wafundi ndani ya kikapu, ile wengi wanaita naseli, yanaweza kudanganya: juu yameshikana, chini kuna shimo.

Hatari inaanzia kwenye magurudumu. Mashine ikiinama digrii 5 tu, kikapu kilicho metre 15 juu kinasogea pembeni kwa metre 1,3 hivi.

Ndiyo maana fundi anapaswa kwanza kutembea kwa miguu pahali pote mashine itapita, akitafuta mashimo, mitelemko na mitaro iliyofukiwa karibuni. Mashine yenye miguu ya chuma, miguu hiyo inawekwa juu ya mbao nene na pana, si juu ya changarawe. Kengele ya kuonya kwamba mashine imeinama ikilia, kikapu kinashushwa, kengele haizimwi. Wala mashine isitembezwe kwenye mawe kikapu kikiwa juu: gurudumu likiruka, aliye juu anaweza kurushwa nje. Mkanda wake ufungwe kwenye kikapu chenyewe, si kwenye nguzo au ukuta wa karibu.

Chini abaki mtu anayejua kushusha kikapu, ikiwa aliye juu amezimia. Na mkubwa wa kazi asiharakishe: kuchunguza udongo hakuchukui hata nusu ya siku.