Weka Kijiko Kando

Juzi Gikomba, jamaa wa mkokoteni alianguka katikati ya marobota ya mitumba, akaanza kutetemeka. "Ni mapepo!" Mwingine akaleta kijiko amtie mdomoni.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza saikolojia, lakini hili nalikumbuka: kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Hakiambukizi. Ondoa vitu vigumu, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni. Ikipita dakika 5, mkimbizeni hospitali.

Alipozinduka alituambia aliacha dawa kwa sababu alijiona amepona. Hapo ndipo shida iko. Tembe kama fenobabitoni, iliyoanza kutumika 1912, huzuia kuanguka, haziondoi ugonjwa. Ukiziacha ghafla, kifafa hurudi, tena kwa nguvu.

Buda, kabla uache, ongea na daktari.