TUPANGE SAFARI YA MILIMA YA UDZUNGWA

Watu wengi husema, "Hifadhi za taifa ni za wageni wenye fedha." Maneno hayo si ya kweli. Hifadhi za taifa ni mali ya Watanzania wote. Mkulima, mvuvi, mama wa nyumbani na mwanafunzi wa kisomo wana haki ya kuingia, mradi wafuate taratibu.

Katika somo hili tutajifunza jinsi darasa la kisomo linavyoweza kupanga safari ya siku moja. Tutakwenda katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa.

1. Udzungwa ni mahali gani?

Hifadhi hii iko katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Ilianzishwa mwaka 1992. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990. Makao makuu yake yako Mang'ula, katika bonde la Kilombero.

Watu wengi huziita hifadhi zote "mbuga za wanyama." Lakini mbuga ni nchi tambarare yenye majani. Udzungwa si mbuga. Ni milima yenye msitu mnene. Chini, karibu na mashamba ya miwa na mpunga, nchi ina joto. Juu kabisa, katika kilele cha Luhombero, ni mita 2,576 kutoka usawa wa bahari. Huko kuna baridi na ukungu.

Katika hifadhi nyingine wageni hutazama wanyama wakiwa ndani ya gari. Udzungwa ni tofauti. Hapa mgeni hutembea kwa miguu. Kwa hiyo safari ya Udzungwa hutaka maandalizi yake.

2. Kwa nini twende?

Kwanza, twende tuone maji yetu yanakotoka. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huleta unyevu. Ukifika milimani hupanda juu, hupoa, na mvua hunyesha. Majani ya miti huipokea mvua hiyo isipige udongo kwa nguvu. Majani makavu yaliyo chini huinywa. Mizizi huishikilia. Kisha maji hutoka polepole, hata wakati wa kiangazi. Ndiyo maana mito kama Sanje, Sonjo na Msolwa hushuka kutoka milimani kwenda bonde la Kilombero. Watu hunywa maji hayo na kumwagilia mashamba.

Jaribu jambo hili nyumbani. Chukua kopo la maji. Yamwage polepole juu ya uwanja mgumu uliofagiliwa. Utaona maji yanakimbia na kuchukua udongo. Sasa mwaga kopo jingine juu ya lundo la majani yaliyooza. Utaona maji yanazama. Mlima wenye msitu ni kama lundo la majani. Mlima uliokatwa miti ni kama uwanja mgumu.

Pili, twende tuone viumbe ambao dunia nzima inatuonea wivu kwa ajili yao. Mbega mwekundu wa Iringa anaishi katika milima hii na sehemu za bonde lililo jirani tu. Yuko pia kima wa Sanje. Huyu hapatikani porini mahali pengine popote duniani isipokuwa Udzungwa.

Habari za kima huyu zina mafunzo. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa milima hii. Walisikia mlio wa mnyama ambao hawakutegemea kuusikia hapo. Vitabu vyao havikumtaja. Lakini wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, na walimwita ng'olaga. Elimu hiyo ilikuwepo vichwani mwa watu, ila haikuwa imeandikwa. Wewe sasa unajua kuandika. Yale unayoyajua juu ya miti, ndege na dawa za kienyeji yasipotee.

3. Jambo gumu tulizungumze

Wapo watu wanaokaa karibu na mlima ambao hawafurahi wakisikia jina la hifadhi. Wanazo sababu. Zamani wanavijiji wa jirani waliruhusiwa kuingia na kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Mzigo ulianguka zaidi juu ya kina mama, kwa kuwa wao ndio wanaotafuta kuni. Pia mara nyingine tembo hushuka na kula mazao.

Mambo haya yasifichwe. Safari ya darasa ni nafasi nzuri ya kuyasema mbele ya wahusika. Hifadhi ina watumishi wa ujirani mwema, ambao kazi yao ni kushirikiana na vijiji. Ombeni wakutane nanyi siku hiyo. Andikeni maswali yenu mapema. Ulizeni juu ya miche ya miti ya kuni, majiko yanayotumia kuni chache, na njia za kuwafukuza tembo bila kuumia. Msimwache mtu mmoja azungumze peke yake. Kina mama nao waulize.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

4. Twende lini?

Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei. Wakati huo njia za mlimani huteleza, na mito hujaa. Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Kwa wakulima, Agosti ni mwezi unaofaa. Wengi wamekwisha kuvuna, na kazi shambani zimepungua.

5. Tutafikaje?

Atokaye Morogoro au Iringa hupita barabara kuu mpaka mji wa Mikumi. Hapo huacha barabara kuu na kuelekea kusini kupitia Kidatu. Kutoka Mikumi mpaka Mang'ula ni kilomita 60 hivi. Atokaye Ifakara huja kutoka upande wa kusini. Reli ya TAZARA pia inapita Mang'ula, lakini ulizeni kwanza kama treni inasimama siku mnayoitaka.

6. Tuchague njia gani?

Ndani ya hifadhi ziko njia fupi na ndefu. Njia inayopendwa na wengi ni ya maporomoko ya Sanje. Maji huanguka mita 170 hivi. Urefu huo ni kama minazi minane mirefu ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine. Kwenda na kurudi huchukua muda wa saa nne hivi. Njia ina mwinuko mkali.

Iko njia fupi inayoanzia karibu na makao makuu, ambayo huchukua muda usiofika saa moja. Hii inawafaa wazee na wenye magonjwa. Iko pia njia ya kilele cha Mwanihana, ambayo huchukua siku tatu. Hiyo si ya darasa letu.

Darasa linaweza kugawanyika makundi mawili. Wenye nguvu waende Sanje, na wengine wafuate njia fupi. Kila kundi liwe na mwongozaji wake. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu, au mama mjamzito aende zahanati kwanza kuuliza.

7. Tuhesabu fedha

Kabla ya kukusanya fedha, andikeni barua au pigeni simu hifadhini. Ulizeni mambo haya:

(a) Kiingilio cha raia ni shilingi ngapi? Raia hulipa kidogo kuliko wageni wa nje.
(b) Malipo ya mwongozaji ni shilingi ngapi?
(c) Je, kuna utaratibu maalumu kwa vikundi vya elimu?
(d) Fedha hulipwa kwa njia gani? Siku hizi mara nyingi malipo hufanywa kwa benki au kwa simu, si kwa fedha mkononi.

Sasa tufanye hesabu. Bei zilizo hapa chini ni za mazoezi tu. Ninyi mtaweka bei halisi mtakazoambiwa. Tuseme darasa lina watu 20.

Kukodi gari: sh. 200,000
Kiingilio, sh. 6,000 mara 20: sh. 120,000
Mwongozaji: sh. 40,000
Chakula, sh. 3,000 mara 20: sh. 60,000
Akiba ya dharura: sh. 60,000
Jumla: sh. 480,000

Gawanya 480,000 kwa watu 20. Kila mtu atatoa sh. 24,000. Kutoa fedha hizo kwa siku moja ni vigumu. Lakini mkianza kuweka mwezi wa Februari mpaka Julai, ni miezi sita. Gawanya 24,000 kwa 6. Ni sh. 4,000 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Miezi ya kabla ya mavuno ni migumu. Mnaweza kukubaliana kutoa kidogo wakati huo, na kuongeza baada ya kuuza mpunga. Chagueni mweka hazina na katibu. Kila anayetoa fedha aandikiwe jina lake na kiasi chake, naye asome mwenyewe na kutia sahihi. Hesabu isomwe mbele ya darasa kila mwezi. Hapo hapatakuwa na ugomvi.

8. Tuchukue nini?

- Kitambulisho cha taifa. Kitaonyesha kwamba wewe ni raia.
- Viatu vilivyofunika mguu, visivyoteleza. Usivae kandambili.
- Suruali ndefu na soksi. Katika msitu kuna siafu na miiba. Kina mama wanaweza kuvaa suruali chini ya kanga.
- Koti au sweta, maana hali ya hewa ya mlimani hubadilika.
- Maji ya kunywa, angalau lita mbili kwa kila mtu.
- Chakula kisichoharibika upesi, kama viazi vitamu, mihogo iliyochemshwa au maandazi.
- Dawa zako, kama unatumia dawa kila siku.
- Daftari na kalamu.

Panga, upinde, mitego na mbwa viachwe nyumbani. Ukikutwa navyo hifadhini utashtakiwa.

9. Tukiwa msituni

Fuateni mwongozaji. Msiache njia. Mtembee mwendo wa yule aliye taratibu kuliko wote, ili asiachwe mtu nyuma. Semeni kwa sauti ndogo, nanyi mtasikia mengi. Mkikutana na tembo au nyati, msikimbie ovyo wala msipige kelele. Fanyeni kama mwongozaji anavyosema.

Msiwape kima chakula. Kima aliyezoea chakula cha watu huwa mwizi, na kesho atakwenda mashambani. Msichume majani wala maua. Msiwashe moto. Mifuko, chupa na maganda yote yarudi nanyi nyumbani.

Simameni mbele ya maporomoko, mfikiri. Maji yale yanashuka kwenda kwenye majaruba na visima vya watu. Miti ya juu ikiisha, mto utajaa matope wakati wa mvua na utakauka wakati wa kiangazi. Hasara itakuwa yetu kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

10. Tukirudi

Safari haiishi gari linaposimama kijijini. Wiki inayofuata, kila mwanafunzi aandike sentensi kumi juu ya jambo aliloliona. Wengine waandike majina ya miti waliyoitambua, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Katibu aandike majibu mliyopewa na watumishi wa hifadhi, na ahadi walizotoa. Karatasi hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, isomwe. Ahadi iliyoandikwa haisahauliki upesi.

Pandeni na miti. Kila kaya ikiwa na miti yake ya kuni karibu na nyumba, mama hatatembea mbali, wala hatagombana na askari wa hifadhi.

Ndugu msomaji, kusoma ni kupata ufunguo. Ufunguo hauna faida kama mlango haufunguliwi. Kutaneni, pangeni, wekeni akiba, mwende mkauone mlima wenu.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini Udzungwa haifai kuitwa mbuga?
2. Eleza jinsi msitu unavyotunza maji.
3. Wenyeji walimwitaje kima wa Sanje? Tunajifunza nini katika habari hiyo?
4. Darasa lenu lina watu wangapi? Ulizeni bei halisi, kisha fanyeni hesabu ya safari yenu.
5. Ni maswali gani matatu ambayo kijiji chenu kingependa kuwauliza watumishi wa hifadhi? Yaandikeni.